Kioko Anarudi Bila Mtoto

Kitengela, Jumapili

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Magoti yako yanaendelea aje? Zile dawa za kupaka nilituma zilifika? Mvua huko imeshika ama ni mawingu tu inapita? Hapa imenyesha mara mbili, vumbi yote imegeuka matope. Mimi niko mzima. Mueni ni mzima, ameongeza kilo. Mungu ametubeba.

Sasa nisizunguke. Ulimtuma ndugu yangu Kioko aje achukue mtoto. Alifika Ijumaa, anarudi kesho, na anarudi na hii barua peke yake. Usimgombeze. Alikuja na ile leso mpya ulimpa ya kumbebea mtoto, na alikuwa tayari kabisa. Mimi ndio nimekataa.

Naandika juu kwa simu tunagombana. Wewe unasema, mimi nasema, halafu mmoja anakata. Kwa barua utanisikia mpaka mwisho. Mwambie Kasyoka akusomee polepole na asiruke pahali. Kuna mahali nimeandika mambo ya maziwa ya mama, yenye inatoka kifuani. Ni kama somo la shule, asione haya. Mimi nilimaliza kuona haya kitambo, kule hospitali.

Mwaitu, nilikudanganya. Kwa matanga ya bibi yangu Ndanu uliniuliza mtoto ako wapi. Nikasema ako wodi, ana homa. Haikuwa homa tu. Watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa unalia, nikaona nitakwambia siku ingine. Siku ikapita, ikawa miezi. Sasa Kioko ananiambia umeachisha ndama moja mapema ndio ng'ombe ibaki na maziwa ya kutosha ya mjukuu. Nimesikia vibaya sana. Kama ningesema ukweli kwa matanga, haungefanya hiyo kazi.

Wacha niseme sasa.

Ndanu alijifungua vizuri. Mtoto alishika ziwa siku hiyo hiyo. Jirani mmoja alikuja akamwambia ile maziwa ya kwanza, ile ya manjano nzito, aikamue amwage, ati ni uchafu. Unajua Ndanu kichwa yake. Alisema kama Mungu ameweka hiyo hapo, si ya kumwagia kuku. Akampa mtoto yote. Siku ya nane kichwa ikaanza kumuuma, miguu ikafura, presha ikapanda. Siku ya tisa akaenda. Hiyo unaijua, sitairudia.

Nikabaki na mtoto wa siku tisa. Nikakupigia. Ukaniambia nitafute maziwa ya ng'ombe, niichemshe, niongeze maji kidogo isiwe nzito. Ukasema mimi na Kioko tulikua na hiyo. Ulikuwa unanisaidia, Mwaitu. Hakuna mtu mwingine alinipa neno siku hiyo.

Maziwa nilichemsha. Maji sikuchemsha. Hapo ndio nilikosea, na ni kosa ya mtu wa Kitengela. Maji ya mfereji ya ploti yetu ni ya kisima, iko na chumvi. Inaharibu chai, sabuni haitoi povu, meno ya watoto inakuwa na rangi. Sisi hapa tunaogopa chumvi tu. Nikasema mtoto wangu hatakunywa chumvi. Nikanunua maji tamu, ile inaletwa na mkokoteni ya punda, na hakuna mtu anauliza imetolewa wapi. Nikaionja. Ilikuwa tamu. Nikaona basi ni safi. Kwa mjengo, kule kazini kwangu, tunakunywa hiyo hiyo na kikombe moja watu kumi, na tunaamka kesho tunarudi kazi. Nikaitia kwa chupa ya mtoto vile ilivyo.

Siku tatu nilifanya hivyo. Siku ya kwanza alikunywa, nikafurahi. Siku ya pili akaanza kuharisha. Nikasema ni maziwa mgeni, atazoea. Siku ya tatu ilikuwa maji tupu, na akaacha kulia. Mimi nikafikiri ameshiba.

Maziwa nilikuwa nanunua kwa Mama Naserian. Huyo ni Mmasai, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Maziwa inamjia kutoka kwao Bissil kila asubuhi, anaiuza hapo kwa geti. Naserian ni mtoto wake wa kwanza, wakati huo alikuwa wa miezi mitatu. Alijua Ndanu amekufa, alikuja kulia na sisi. Lakini alidhani dada ya Ndanu ndio amechukua mtoto.

Siku ya nne nikaenda na sufuria yangu. Akaniangalia.

"Baba Mueni, unakunywa maziwa mingi hivi na hata hunenepi?"

Nikamwambia si yangu, ni ya mtoto. Akaweka jagi chini. Akauliza mtoto gani. Nikasema Mueni. Hakungoja. Akaingia kwangu mbele yangu, akafunua blanketi. Mimi nilikuwa nimemwangalia huyo mtoto siku tatu na sikuona kitu. Yeye aliona mara moja. Macho ilikuwa imeingia ndani. Hapa juu ya kichwa, pale panapiga, palikuwa pamebonyea kama kijiko. Akamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Mimi sikuuzii tena," akasema. "Hii ni ya ndama. Wewe uko na mtoto wa mtu. Beba twende."

Msimamizi wa mjengo akatupa pikapu ya kubeba simiti. Dispensari ya hapa walimwona dakika moja, wakasema hospitali ya Kajiado, na sasa hivi. Tukaenda na vumbi ya simiti kwa nguo. Mama Naserian aliacha maziwa yake yote hapo kwa geti na Naserian akamfunga mgongoni.

Daktari akasema ni bakteria. Wale wadudu hawaonekani na macho. Wamepitia kwa maji ama kwa chupa, wakaingia matumbo, na sasa wengine wamevuka mpaka kwa damu. Akasema tungelala siku moja zaidi nyumbani, hangekuwa na kazi ya kufanya. Wakatafuta mshipa kwa mkono wakakosa, wakapata kwa kichwa. Dripu, sindano, kila kitu. Nilisimama hapo nikishika ukuta.

Halafu kulikuwa na sista mmoja, mama mkubwa wa mwili, Mkikuyu, mkali sana. Akaniuliza mtoto alikuwa anakula nini. Nikamweleza.

"Nani alikwambia umpe hiyo?"

"Ni mimi mwenyewe," nikasema.

Sikukutaja, Mwaitu, na sitakutaja kwa mtu. Na maji ni mimi nilipima kwa ulimi.

Huyo sista aligombana na mimi kwanza, akamaliza, halafu akakaa kwa kiti akanieleza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nitakuandikia vile nilielewa. Mimi si mtu wa vitabu, nimeelewa kama mtu wa mjengo.

Matumbo ya mtoto mchanga ni kama ukuta wa mawe bado haijapigwa plasta. Imesimama, lakini kuna nafasi nafasi. Mdudu akija anapita. Maziwa ya mama inapaka hapo ndani kama plasta. Mdudu anakosa pahali ya kushika, anapita na choo. Na ndani yake kuna kinga ya mama yenyewe, kama askari. Wanamshika mdudu kabla hajashika mtoto. Tena kuna kitu ingine inawanyang'anya wadudu chakula yao, wanakonda. Na kuna chakula ya wale wadudu wazuri wa tumbo. Hao wakijaa, wabaya wanakuja wanapata ploti imejaa, hakuna nyumba ya kukodisha. Ile ya kwanza ya manjano ndio iko na askari wengi kushinda zote. Nikamwambia Ndanu alimpa yote. Sista akasema inaweza kuwa hiyo ndio imemsaidia kufika hapa akiwa anapumua.

Nilitoka nje nikalia, Mwaitu. Nilikuwa sijalia tangu Ndanu aende.

Ya ng'ombe nikamuuliza, kwani haina askari? Akasema iko nao, lakini ng'ombe anatengenezea ndama, anajua ugonjwa ya zizi. Ukichemsha, hata hao kidogo wanakufa. Usipochemsha, unaleta wadudu wengine. Kwa mtoto mdogo hivyo haifai.

Sista akasema wako na maziwa ya kopo, itasaidia, lakini nyumbani nikirudi itakuwa chupa tena na maji tena. Mimi naenda kazi, nani atachemsha? Hapo Mama Naserian, hata hakuwa ameulizwa, akasema, "Mimi niko nayo. Huyu wangu hamalizi."

Sista hakukubali haraka. Akasema damu kwanza. Kuna magonjwa zinapitia kwa maziwa, lazima apimwe yote, na atarudia kupimwa kila wakati wakimwambia. Mama Naserian akatoa mkono. Damu ikatoka safi. Ndio akaniambia mimi sasa, si sista:

"Bwana yangu lazima asikie hii kwa mdomo yako. Si kwa simu. Si kwa watu wa Kitengela."

Bwana yake anakaa Bissil na mifugo. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nikamwacha mtoto na dripu, anapewa ya kopo na kikombe kidogo, nikaenda. Nilimpata katikati ya mbuzi, anabishana bei ya mtamba. Sikuwa na njia ya kumkatiza. Nikasimama hapo na gamboti za mjengo, kwa samadi, mpaka akamaliza. Maneno nilikuwa nimepanga yote ikapotea. Nikasema tu vile iko. Bibi yangu amekufa. Mtoto ako hospitali. Bibi yako anataka kumnyonyesha. Nimekuja kukuuliza.

Wazee walikuwa karibu wakasikia. Mmoja akasema, Mkamba amekuja soko kutafuta maziwa gani hiyo. Wakacheka. Mwingine akasema zamani Wakamba walikuwa wanakuja kuchukua ng'ombe, sasa wamefika kwa wamama. Nikaangalia chini. Ningefanya nini?

Bwana yake hakucheka. Akaniuliza mtoto alinyonya mama yake siku ngapi. Nikasema tisa.

"Na ile ya kwanza? Ile nzito?"

Nikasema alikunywa yote.

Akatingisha kichwa. Akaniambia ndama ikikosa ile ya kwanza, hata uifanyie nini, itaharisha ikufe, kila mtu wa hiyo soko anajua. Lakini ikiipata, mama akikufa, yeye anaitafutia ng'ombe mwingine. Ng'ombe mwingine inakataa, inapiga teke. Unaishika miguu mpaka izoee.

"Yangu haijapiga teke," akasema. "Enda. Mwambie nimesema ndio."

Nikataka kuuliza anataka nini kwangu. Akaona mdomo yangu inafunguka. Akasema, "Usiniletee mbuzi. Mtoto akitembea, umlete nimwone." Akarudi kwa mtamba yake. Yule mzee wa kwanza akaninunulia chai, na hakusema samahani, alisema ongeza sukari.

Mueni hakuwa na nguvu ya kunyonya. Mama Naserian akakamua kwa kikombe, sista anamwekea tone tone. Siku mbili. Siku ya tatu wakamweka kwa ziwa. Akakaa tu. Mimi niligeuka nikaangalia dirisha, juu si mahali pa mwanaume. Sista akasema, "Geuka, Baba, uone mtoto wako." Nikageuka. Alikuwa anavuta. Sikio lilikuwa linacheza.

Siku inafuata ndio nilikuja nyumbani kumzika Ndanu. Sasa unajua nilikuwa nimeacha nini nyuma. Nilimwaga mchanga kwa kaburi na nilikuwa namwambia kimya kimya, ananyonya, ananyonya.

Sitakudanganya tena, kwa hivyo niseme hii pia. Sista hakusema maziwa inatibu kila kitu. Ile bakteria ilikuwa kwa damu iliuliwa na sindano, siku kumi. Maziwa ni ya kuzuia ingine isiingie. Na nimeona inazuia. Mwezi uliopita ugonjwa ya tumbo ilipita hii ploti yote. Watoto wa mlango wa kwanza walilazwa. Mimi niliharisha. Mama Naserian mwenyewe aliharisha siku mbili, nikafikiri basi, tumekwisha. Nikampeleka Mueni kwa sista kabla hata hajagonjeka. Sista akasema wacha anyonye, usimtoe. Mama Naserian anaguza milango ile ile na anapumua vumbi ile ile, mwili yake imeshika huo mdudu, imetengeneza askari wa huo mdudu kabisa, na inawatuma kwa maziwa. Akasema mama anawe mikono tu. Mueni aliharisha siku moja, kidogo, ikaisha. Naserian hata hakuharisha.

Hiyo ndio inanifanya nikatae, Mwaitu. Ukimpeleka kwetu sasa, unamtoa kwa huyo anamjengea ukuta kila siku, unampa ng'ombe. Sista amesema mpaka miezi sita maziwa ya mama peke yake. Hata maji hapana. Hata uji hapana. Ana minne.

Kioko amenipa maneno yako yote. Ati watu wanacheka, Mkamba analelewa na ziwa la Mmasai. Hao watu wanacheka wako wapi? Hakuna mmoja alikuja Kajiado. Ati huyo ni Mueni, ni jina lako, ni wewe mwenyewe, na wewe unataka kukaa nyumbani kwako. Hiyo nimeisikia, na imeniuma, juu hujamwona hata siku moja. Kioko atakwambia anafanana na wewe paji la uso, na hasira.

Ati mimi na Kioko tulikua na maziwa ya ng'ombe. Ni kweli. Tulikua. Lakini kuna wale wawili wako mbele yangu, wenye ulinionyesha mahali walizikwa, ukasema ilikuwa tumbo. Sisemi ni maziwa. Sijui. Hata sista hawezi kujua. Wewe ulifanya vile ulifundishwa na ulitaka waishi. Mimi pia nilitaka, na nilitia maji ya punda kwa chupa. Nimesema tu ndio ujue kwa nini siwezi kujaribu mara ya pili na huyu.

Mchana mimi nikiwa kazini watoto wote wawili wako na Mama Naserian. Mimi namletea maji, nimempigia sakafu ya simiti, nimebadilisha mabati yenye ilikuwa inavuja. Hakuna ingine anataka. Nikimwambia ashe, hiyo ni asante ya kwao, anasema nyamaza, ushanisumbua.

Sasa ombi langu. Wewe ndio uje. Ukimaliza kuvuna ndengu itakuwa karibu anafika miezi sita. Ule uji wa kwanza wa wimbi ni wewe utampikia, na maji utachemsha mwenyewe ukiangalia ikitokota. Utakaa na sisi vile unataka. Akiwa anakula na ameshika nguvu, tukae chini mimi na wewe tuongee kama atakuja huko. Hapo sitakataa kabla sijakusikia. Lakini kwa sasa hatoki hapa. Ile ndama irudishie mama yake.

Nisalimie baba mdogo na umwambie simu yake haishiki. Nisalimie mke wa Kioko, amwambie Kioko aache kula usiku wote, amenimalizia unga. Nisalimie mama ya Ndanu, umpelekee habari kwamba mtoto ako hai na ni mkali, mimi mdomo yangu inakuwa nzito kwake. Kasyoka, wewe ukisoma hapa, asante, soma bidii, na ukipata mtoto siku moja kumbuka.

Kitu ya mwisho. Kioko ana karatasi ya namba ya Mama Naserian. Kama umekubali, usinipigie mimi. Mpigie yeye. Kiswahili yake ni kama yangu na yako, mtasikizana. Mimi nimemshukuru vile najua, kwa simiti na mabati. Lakini mimi ni mwanaume, na sijui vile mama anamshukuru mama mwenzake. Hiyo nakuachia wewe.

Ni mimi mtoto wako,
Mutinda, baba ya Mueni